Pangani: mji unaofuata saa za maji

Wageni wengi wanaofika Pangani huonyeshwa Boma, huonyeshwa nyumba walimofungiwa watumwa, hupigwa picha kwenye milango ya nakshi, kisha hurudi Tanga kabla ya jua kutua. Wanaondoka wakiamini wameona mji uliokwisha. Kilichowapita ni mto. Pangani ni mji wa mlango wa mto. Utajiri wake, vita vyake, umaskini wake wa karne ya 20 na tatizo lake kubwa la leo vyote vimepita katika mlango huo mmoja, kati ya mjini upande wa kaskazini na Bweni upande wa kusini.

Tuanze na maji yenyewe, kwa sababu asiyejua saa za maji hawezi kuuelewa mji huu. Mwambao wa Tanga una maji makubwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, huweza kuwa mita moja tu. Hesabu wanayotumia wavuvi ni rahisi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50. Siku tano baada ya mwezi kuandama kwa hiyo unaongeza dakika 250, yaani saa nne na dakika kumi, na maji yatajaa karibu saa mbili na dakika kumi. Ukifika mwezi mpevu, anza hesabu upya kutoka saa kumi. Ni makadirio, na hitilafu inaweza kufika saa moja kutegemea mwezi ulionekana siku gani. Lakini kwa mtu anayetaka kutoa ngalawa, kwenda kuokota chaza au kuvua kwa uzio, yanatosha.

Kwenye mlango wa mto kuna fungu la mchanga. Ndilo lililoamua ni vyombo vya aina gani vitaingia Pangani. Jahazi na mashua huingia maji yakijaa; meli kubwa hukaa nje. Hatari haiko kwenye kina peke yake. Hatari kubwa ni masika, mto umefurika, maji yanapwa kwa kasi kuelekea baharini, na upepo wa kusi unavuma kuja nchi kavu. Maji yanayotoka yanagongana na mawimbi yanayoingia, na juu ya fungu mawimbi husimama wima, mafupi, yakifuatana bila nafasi. Chombo kilichopakia mzigo mzito mbele huzamisha omo, yaani sehemu yake ya mbele, na kujaa maji. Nahodha anayeujua mlango husubiri nusu ya pili ya maji kujaa, hata kama kusubiri kwenyewe ni saa tano, na mzigo huupanga ukae katikati na nyuma kidogo.

Katika karne ya 19 fungu hilo halikuwa tatizo, kwa sababu biashara yote ilikwenda kwa majahazi. Misafara iliondoka Pangani na nguo, shanga na waya, ikafuata bonde la mto kupanda bara hadi Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, ikarudi na pembe za ndovu. Mali ya kuanzia safari mara nyingi ilikuwa mkopo wa wafanyabiashara wa Kihindi wenye mizizi Unguja. Mji ulikuwa chini ya Sultani wa Unguja, aliyekuwa na liwali wake, ila mambo ya watu yalikuwa mikononi mwa majumbe. Mtu wa bara aliyetaka kuhesabiwa kuwa mwenyeji alitoa ada, alilisha watu karamu, aligharimia ngoma. Ukubwa wa mtu ulionekana kwa anavyotoa.

Pamoja na pembe kulikuwa na sukari, na hapa historia ya Pangani inakuwa nzito. Udongo wa kingo za mto, unaoletwa na mafuriko, ulifaa miwa vizuri mno. Mashamba yalipanuka kufuata mto, na yalilimwa na watumwa. Muwa una sharti lake: ukishakatwa, utamu huanza kupungua mara moja, kwa hiyo lazima usindikwe ndani ya siku moja au mbili, na maji yake yachemshwe papo hapo, la sivyo yanachacha. Maana yake, wakati wa mavuno kukata, kubeba, kukamua na kuchochea moto havisimami mchana wala usiku. Ndiyo sababu kazi ya miwa ilikuwa ngumu kupita ile ya minazi au mtama, na ndiyo sababu watumwa wa mashamba hayo walitoroka na kupambana. Anayetaja biashara ya watumwa ya Pangani kama kituo cha kupitia tu, watu wakisubiri majahazi ya Unguja, anasahau waliobaki na kufanyishwa kazi maili chache kutoka pwani.

Mwaka 1888 unajulikana zaidi. Aprili 28 Sultani Khalifa alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50. Agosti, Emil von Zelewski, wakala wa kampuni hiyo, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, akaja Pangani kuchukua madaraka. Liwali alimkatalia. Zelewski aliomba askari wa manowari, nao walishuka siku za Idi Kubwa, wakaingia msikitini na mbwa na kuidharau bendera ya Sultani mbele ya watu. Septemba mji ulishamkamata na kumfungia nyumbani. Aliyekuja kumtoa ni Lloyd Mathews, mkuu wa majeshi ya Sultani. Zelewski huyohuyo aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo, Agosti 17, 1891.

Vitabu vya shule huvipa vita hivi jina la Abushiri bin Salim, na anastahili. Alikuwa mwenye shamba la miwa Pangani, aliongoza vizuri, na Wajerumani walimnyonga hapahapa Pangani Desemba 15, 1889, miezi mitano baada ya kamanda wao Hermann von Wissmann kuuteka mji. Ila havikuwa vita vya mtu mmoja. Majumbe, watu wa mjini, Wazigua na Wabondei kutoka vijijini, kila kundi lilikuwa na lake la kupoteza: ushuru, ada, biashara ya msafara, heshima. Vijana wa bara waliojaa mjini mwaka ule waliwatisha hata matajiri wa mji. Bwana Heri wa Saadani, kusini kidogo, aliendelea kupigana hadi 1890.

Pigo lililomaliza biashara ya Pangani halikuwa bunduki, lilikuwa reli. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, kwa sababu Tanga ina ghuba yenye kina na Pangani ina fungu. Reli ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kila stesheni iliyofunguliwa ilikata kipande cha njia ya msafara. Bidhaa zilizokuwa zikishuka na bonde hadi Pangani zikageuzwa njia juu huko, zikaenda Tanga.

Mwaka huohuo wa 1893 ndio Richard Hindorf alileta mkonge. Aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai ni 62, na vilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya mto. Mkonge wote wa Tanganyika ulitokana na mbegu hiyo ndogo, na nchi ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Kuna jambo moja la kiufundi linaloeleza sura ya mashamba ya mkonge. Katika jani bichi, singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Tani moja ya katani, yaani singa iliyokaushwa, inataka kama tani 25 za majani, na majani hayangoji: yakikaa zaidi ya siku mbili tangu kukatwa, utomvu hukauka na kushikana na singa, na korona, mtambo wa kukwangua majani, haiwezi kuisafisha. Kwa hiyo korona lazima iwe katikati ya shamba, iwe na maji mengi, na iwe na watu wengi wa kukata na kufunga mizigo ya majani thelathini thelathini. Wenyeji wa pwani wenye minazi na mto hawakuitaka kazi hiyo, na mashamba yakaleta manamba, vibarua wa mkataba, kutoka mbali. Wajukuu wao ni watu wa Pangani leo. Bei ya katani ilipoanguka katika miaka ya 1960 kwa sababu ya kamba za plastiki, kambi nyingi za mashamba zilibaki bila mshahara, na wengi waligeukia uvuvi na kilimo kidogo.

Kilichobaki siku zote ni nazi. Watu huiona kama zao la mvivu, kwamba mnazi ukishapandwa hujilea. Sivyo. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki hupandwa kwa nafasi ya mita 9 hivi, huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba, na maadui wake wawili wanahitaji uangalizi wa kudumu. Wa kwanza ni chonga. Dudu hili hutoboa kilele usiku na kula jani changa likiwa bado limefungwa. Jani linapofunguka linaonekana limekatwa pembe kama kwa mkasi. Akifika kwenye moyo, mnazi umekwisha. Chonga huzaliana kwenye magogo ya minazi yanayooza na kwenye marundo ya samadi, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuondoa gogo, kulichoma au kulipasua likauke, kabla ya kutafuta sumu yoyote. Kwa mnazi ulioingiwa tayari, waya wenye ndoana ndio unaomtoa.

Adui wa pili ni mdudu mdogo anayefyonza nazi changa. Vidaka na vitale hudondoka vikiwa na makovu yanayotoa gundi. Adui wake mkubwa ni chungu maji moto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa kiota. Wakwezi hawawapendi, na ni haki yao, kwani wanauma vibaya. Ndiyo maana viota huchomwa moto. Shamba lililochomwa maji moto hupoteza nazi kwa miezi mingi baadaye, na mwenye shamba hulaumu mvua. Afadhali kumlipa mkwezi zaidi kidogo kwa mnazi wenye chungu.

Nazi ikishuka, kazi hugawanyika. Kufua hufanywa kwa kifuo, mti mgumu au chuma kilichochongoka na kusimikwa kwa mshazari. Nguvu ni ya uzito wa mwili, mikono inaelekeza tu. Mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa, ndiyo inayoharibika zaidi kwa haraka za watu. Nazi iliyopasuliwa lazima ipate jua au moto siku ileile, ndani ya saa chache. Ikilala na umande inaota ukungu wa njano au mweusi, na hapo si rangi tu iliyoharibika, kuna sumukuvu. Jua zuri la kaskazi hukausha kwa siku tano hadi saba. Masika hutumika chanja, na vifuu ndiyo kuni bora kwa sababu havitoi moshi mwingi. Nyama ya nazi ikijitenga yenyewe na kifuu, igeuze na uendelee. Ikivunjika kwa sauti kavu, imefika. Tani moja ya mbata hutaka nazi kama 6,000, kwa hiyo fungu moja lenye ukungu linaharibu hesabu ya msimu.

Makumbi, maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi, ni kazi ya wanawake, na haijapata kuheshimiwa inavyostahili. Kumbi hufukiwa kwenye tope mahali ambapo maji ya bahari huingia na kutoka kila siku, likakandamizwa kwa mawe ili lisielee. Hukaa miezi mitatu hadi sita. Kulifukua mapema ni hasara: usumba, yaani nyuzi za kumbi, unatoka na unga wake, unashika unyevu, na kamba huoza kutoka ndani. Kulifukia kwenye dimbwi lisilobadilisha maji ni hasara nyingine, usumba unakuwa mweusi, unanuka na kukatika. Likishafukuliwa hupigwa gongo juu ya gogo, hufuliwa, huanikwa, kisha husokotwa nyuzi mbili, kila moja ikisokotwa upande mmoja na zote pamoja zikisokotwa kinyume. Ukinyume huo ndio unaozuia kamba kufunguka. Kamba ya usumba haiozi upesi kwenye maji ya chumvi, na bado ipo kwenye madema na nanga za ngalawa.

Makuti ya viungo nayo yana kanuni yake. Jani hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa, na kuti zikipangwa kwa kupandana vizuri kwenye paa la mwinuko mkali, nusu ya pembe mraba au zaidi, hudumu miaka minne au mitano. Paa likilazwa ili kuokoa fito, maji hayatiririki, yanazama, na ndani ya miaka miwili limeoza. Paa la jikoni hudumu kuliko la sebuleni kwa sababu moshi hufukuza wadudu. Siku ya kuezeka bado ni siku ya jirani kumfaa jirani: mwenye nyumba hutoa chakula, wengine hutoa mikono.

Uvuvi unafuata mwezi kama vile mlango wa mto. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, mwanga wa taa haukusanyi samaki, na vyombo hupumzika. Siku hizo ndizo za kutengeneza: mashua hupandishwa pwani kwa bamvua, hukaguliwa kati ya mbao, hutiwa kalafati, yaani huzibwa nyufa, kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na chini hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Anayechelewesha kazi hiyo miezi michache hataona kitu kwa nje. Mbao zinaliwa kwa ndani. Dagaa wakifika huchemshwa kwa maji ya chumvi kwa dakika chache tu, mpaka macho yawe meupe. Wakizidi wanapasuka matumbo na kuvunjika wakianikwa. Anayeanika mchangani anauza kwa bei ya chini, na ni haki, maana mnunuzi anapimiwa mchanga.

Sasa tatizo la leo. Mto Pangani una urefu wa kama kilomita 500, na maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru. Njiani kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, mashamba ya umwagiliaji na miji inayokua. Yanayofika baharini wakati wa kiangazi ni kidogo kuliko zamani, na bahari inaingia kujaza nafasi. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo hupanda mto kwa chini huku juu yakipita yale matamu. Mtu huteka juu akaona yanafaa, na mpunga wake unaungua. Kwenye kingo, minazi inakufa kwa chumvi iliyotuama kwenye mizizi na kwa ukingo unaomegwa, hasa palipokatwa mikoko. Minazi hiyo iliyokufa ikiachwa isimame au ilale, inakuwa kitalu cha chonga, na chonga wanahamia shamba la jirani ambalo chumvi haikulifikia. Hasara moja inazaa nyingine, na ya pili inazuilika kwa shoka na moto tu.

Kisiwa cha Maziwe, nje ya Pangani, kinaonyesha bahari inavyoweza kuchukua. Kilikuwa na mivinje na kilikuwa mahali mashuhuri pa kasa kutaga. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Mivinje ilikatwa, mizizi iliyoshika mchanga ikaondoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimezama. Leo ni fungu linaloonekana maji yakipwa. Kasa bado wanarudi na kutaga palepale, na mayai yasipohamishwa yanakufa maji. Watu wa kijiji cha Ushongo wanaofanya kazi hiyo wanajua sharti lake: mayai, ambayo huweza kuzidi 100 kwa kiota, yahamishwe ndani ya saa chache tangu kutagwa, na kila yai lishikwe upande uleule lilivyolala. Baadaye kijusi hujishikiza juu ya ganda, na ukiligeuza yai umekiua. Kiota kipya kichimbwe kwa kina kilekile, juu ya mstari wa bamvua, na hapo hungojwa siku 50 hadi 60.

Habari kubwa ya miaka ya karibuni ni daraja la mita 525 kati ya mjini na Bweni, sehemu ya barabara ya Bagamoyo, Saadani na Tanga. Ni jema: mgonjwa wa Mwera au Mkwaja hatangoja tena kivuko. Lakini wauza madafu, mama lishe na wenye mitumbwi wa kivukoni wanaishi kwa kule kungoja, na gari linalopita darajani halisimami. Halmashauri ingewatengea sasa eneo la maegesho kando ya barabara mpya, lenye maji na kivuli, wakati viwanja bado vinapatikana.

Kuhusu chumvi, kuna kazi ambayo mji unaweza kuianza bila kungoja mradi. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoanzishwa 1991 na yenye makao Moshi, ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji ya mto. Watu wa juu ya mto huja na hekta zao na megawati zao. Watu wa mlangoni huja na malalamiko. Waje na vipimo. Kifaa cha mkononi cha kupima chumvi kinaweza kununuliwa na kikundi kimoja cha wakulima. Chagua sehemu tatu zisizobadilika, kuanzia kivukoni kupanda juu. Kila bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, pima ya juu, kisha shusha chupa yenye jiwe na kizibo kilichofungwa kamba hadi mita mbili, izibue, ipandishe, upime ya chini. Andika tarehe, saa, na kama mvua imenyesha bonde la juu. Usipime ya juu peke yake, utajidanganya. Misimu miwili ya kiangazi ikishaandikwa hivyo, pelekeni daftari Moshi kabla vibali vipya havijatolewa.